Tulivyopitisha Intaneti kwenye Kompyuta za Mtumba

Ninyi vijana mnaokaa kwenye vyumba vya kiyoyozi mkitazama taa za kijani zikikonyeza, acheni kidogo mnisikilize. Mimi niliishia darasa la nne, Mvumi, na hilo la nne lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa. Lakini kuna miaka ambayo mtu akifungua intaneti ya kampuni yetu, kuanzia Dodoma mjini mpaka pande za Kongwa, ilikuwa inapita kwenye waya nilioubana kwa mikono hii. Sijisifu. Haya, najisifu. Nani mwingine anisifu? Niliofanya nao kazi wote wana adabu kupita kiasi.

Kwanza tuelewane ruta ni nini, maana nimekutana na wahitimu wanaoijua kwa michoro tu. Ruta ni yule mtu anayesimama njia panda siku ya mnada. Kila anayefika anaulizwa, unakwenda wapi? Wewe kulia. Wewe kushoto. Wewe rudi ulikotoka. Basi, hana kazi nyingine. Kampuni kubwa hununua sanduku maalumu la kazi hiyo, lenye jina la kizungu usoni na bei ya kumfanya mtu auze shamba. Sisi tulitumia kompyuta. Ndiyo, hizi hizi za ofisini za kuchapia barua, tulizozipata zikiwa zimeshawachosha wengine. Unaifungua, unapachika kadi za mtandao mbili au tatu, unaiwekea programu ya bure, unaiondolea skrini na kipanya, kisha unaisimamisha njia panda. Watu walikuwa wanacheka. Walicheka huku wanatumia intaneti yetu.

Wazo lilikuwa la Zaituni. Huyu ni binti wa Chemba, Msandawe, aliyesoma mpaka vitabu vikamwomba apumzike. Aliacha kazi nzuri Dar es Salaam, akaja kupanga vyumba viwili Ipagala, Dodoma mjini, akaviita kampuni. Mimi wakati huo nilikuwa fundi redio. Alinikuta kibandani kwangu, ameshika feni ndogo inayolia kama mbuzi aliyenasa kwenye miiba.

"Shikamoo, fundi. Hii inatengenezeka?"

"Marahaba. Ya nini?"

"Ya kupozea kompyuta."

"Ikinyamaza, kompyuta inakufa?"

"Inakufa."

"Basi usitengeneze, mwanangu, nunua mpya. Mimi natengeneza redio. Redio ikinyamaza hafi mtu."

Akacheka, akaniuliza kama naogopa kupanda mnara. Nikamwambia ninachoogopa duniani ni mama mkwe wangu peke yake, na yeye hapandi minara. Wiki ile ile nikafunga kibanda.

Alinifundisha kazi, nami nilijifunza kwa ubishi, kwa sababu sijui njia nyingine. Lakini kuna somo lililotufundisha aibu sote wawili kwa pamoja. Kompyuta yetu ya kwanza ya nje ya mji tuliiweka kwenye stoo ya mtu, tukaondoka tukiwa tumevimba vichwa. Umeme ukakatika, ukarudi. Laini haikurudi. Tukafunga safari, mimi nimepakata skrini kama mtoto mgonjwa. Tulipoiunganisha, maandishi yakatokea. Zaituni akayasoma, akayasoma tena, akakaa juu ya gunia la mahindi.

"Inasemaje?" nikamwuliza.

"Inasema haioni kibodi."

"Si kweli? Hatukuiwekea."

"Halafu inasema, kama unataka kuendelea, bonyeza F1."

Nikafikiri kidogo. "Kwenye kibodi?"

"Kwenye kibodi."

"Kibodi ambayo haipo?"

Akaanza kusema Kisandawe, kile cha kugongesha ulimi kwenye kaakaa, na hakikuwa Kisandawe cha kanisani. Tangu siku ile hakuna mashine iliyotoka Ipagala kabla ya kuingia kwenye mipangilio yake ya ndani kabisa na kuiambia mambo mawili: usiulize habari za kibodi, na umeme ukirudi amka mwenyewe, usingoje kidole cha mtu. Andikeni hilo mahali. Kuna vijana leo wana vyeti ukuta mzima na bado wanasafiri kwenda kubonyeza kitufe.

La pili. Tulipata kompyuta yenye prosesa ya vichwa vinne, nikaona sasa tumefika. Wateja wakaanza kupiga simu kwamba jioni laini inatambaa. Naangalia mashine, inasema inatumia robo tu ya nguvu zake. Nikawajibu wateja kwa ukali kwamba tatizo liko kwenye simu zao. Zaituni akanivuta shati, akanionyesha. Mzigo wote ulikuwa unapangwa foleni kwa kichwa kimoja. Kile kimoja kinatoka jasho, vitatu vimekaa.

"Hiki nakijua," nikamwambia. "Umewaita watu wanne kulima. Mmoja analima, watatu wanaonja pombe kama imeiva."

"Ndiyo hivyo hivyo, fundi. Sasa tunampa kila mmoja kipande chake cha shamba."

Akaigawa kazi, kila kadi na kichwa chake, na laini ikakimbia. Kwa hiyo mashine ikikwambia inatumia robo ya nguvu, usifurahi. Uliza, robo ya nani?

Tena msidanganywe na kipimo cha faili kubwa. Mimi nilipitisha filamu nzima kwenye ruta yetu, ikapita kama upepo, nikaita watu waje waone. Zaituni akasema, haya, sasa pitisha simu za sauti nyingi kwa pamoja. Ikakohoa ikalala. Rudini kwa yule mtu wa njia panda. Lori la magunia ya mtama likija anauliza swali moja, gari zima linapita. Wanawake wakija na mtama ule ule, kila mmoja na kisonzo chake, kile kikapu kidogo, kichwani, lazima amwulize kila mmoja. Mtama ni ule ule, maswali ndiyo yanaua. Ruta hachoki kwa uzito, anachoka kwa maswali.

Na vumbi. Dodoma upepo ukiamka unahamisha mashamba. Kompyuta ina feni, feni inavuta hewa, hewa yetu ina udongo ndani. Fungua mashine mara kwa mara, ipulize kwa pampu, lakini zuia feni kwa kidole kwanza isizunguke, maana ikizungushwa na upepo wa pampu inaweza kuurudisha umeme mahali usipotakiwa. Na usipulize kwa mdomo. Nimewaona. Mnapuliza mate.

Sasa nije Mlali, pande za Kongwa, maana ndiko nilikotaka kufika tangu mwanzo.

Kampuni ilikuwa na mwenye hisa mkubwa, Bwana Mkude, mtu wa maduka ya vifaa vya ujenzi. Aliamini kitu kizuri ni kitu kizito. Zile kompyuta zetu zilimkera kama mtu aliyeona ukuta umejengwa kwa maboksi. Kukawa na chuo kimoja, jina lake nalihifadhi, kinataka wanafunzi wote wajiandikishe kwa mtandao, na njia yao ya pekee ilipita kwenye mnara wetu wa Mlali. Bwana Mkude akamwekea Zaituni sharti: laini ikidumu mpaka uandikishaji ufungwe, kompyuta zako zibaki. Ikianguka, nanunua sanduku la wenye akili, kampuni naiendesha mwenyewe, na huyu fundi redio arudi kwenye redio zake. Alisema hivyo nikiwa nimesimama pale pale na bisibisi mkononi.

Mlali kwenyewe tulikuwa tumeshapigwa mara moja. Mwanzoni mashine ilikaa kwenye kabati la bati chini ya mnara. Jua likipanda, kabati likawa chungu na kompyuta ikawa maharage. Zaituni alikuwa anapiga hesabu za kiyoyozi. Mimi nikatazama upande wa pili wa uzio, nikaona tembe.

Kwa wale waliozaliwa kwenye nyumba za bati: tembe ni nyumba yetu Wagogo, ya miti na udongo, paa lake bapa limefunikwa udongo pia. Nje jua linapasua mawe, ndani ni jioni. Hii ilikuwa ya Bibi Mbeleje, mjane mwenye ulimi wa wembe, na alikuwa na chumba cha ndama. Nikamsalimia, mbukwenyi, akaitikia bila kuinua macho kwenye ungo wake.

"Naomba kile chumba cha ndama, mama. Niweke mtambo."

"Unakula nini?"

"Umeme tu."

"Unakunya?"

"Hapana, mama. Unatoa joto kidogo."

Akapepeta, akafikiri. "Basi ni mgeni mwenye nafuu kuliko ndama."

Tukamvutia na yeye taa ndani, ndama wakahamia banda jipya, na Zaituni akaja na kipimajoto chake mchana wa jua kali. Akakitazama, akakigonga, akakitazama tena. Akaniambia, "Fundi, ungeniambia mapema nisingehangaika na viyoyozi." Nikamjibu hakuniuliza.

Uandikishaji ukaanza. Mambo yakaenda vizuri, kisha Zaituni akaniita kwenye skrini yake Ipagala. Kila mashine yetu ilikuwa inatuma habari ya joto lake.

"Mlali inapanda. Jana zaidi ya juzi, leo zaidi ya jana. Nje hali ya hewa ni ile ile."

"Vumbi?"

"Vumbi halipandi hivi. Ikifika hapa," akaweka kidole, "itajizima yenyewe isiungue. Kwa mwendo huu ni kesho mchana. Nenda, na uichukue ile kompyuta ya akiba."

Nikafika Mlali kesho yake asubuhi na pikapu, kompyuta ya akiba nimeifunga blanketi. Nikainama nikaingia chumba cha ndama. Mbele ya mashine, safi. Feni inazunguka, ila inalia. Nikazunguka nyuma, pale kwenye matundu ya kutolea joto, nikakutana na macho.

Alikuwa kuku. Mweusi, mnene, amekaa ndani ya kikapu kibovu, ametandaza mabawa na kuyaziba yale matundu yote kwa makalio yake. Joto likitoka linamkuta, yeye analipokea kwa mikono miwili, na lililobaki linarudi ndani. Nikapeleka mkono. Akanidonoa.

"Mama! Huyu kuku wa nani?"

"Ulitaka avae kitambulisho?" Bibi Mbeleje alikuwa mlangoni, mwiko mkononi. "Wangu."

"Nani kamweka hapa?"

"Kajiweka. Ana akili, kaona mahali penye joto bila moshi. Wewe una akili gani, unaacha mlango una pengo?"

"Naomba tumsogeze, mama. Kidogo tu."

Akaweka mwiko chini, nikajua nimekosea. "Mke wa mwanangu kajifungua. Hivyo vifaranga ni vyake, nimeshavitaja mbele ya wakwe. Kuku aliyelalia anasogezwa wapi? Akisusa mayai, nani atakwenda kwa wakwe zangu kusema neno lililotajwa halipo? Utakwenda wewe?"

Ninyi wa mjini mtasema, si kuku tu. Mimi ni Mgogo. Nilisimama pale nikaona pande mbili zote zina haki, na jua linapanda. Nikapiga simu Ipagala.

"Sema, fundi," Zaituni akasema.

"Ni kuku."

"Hiyo ni hitilafu ya namna gani?"

"Ya mayai. Amelalia kwenye matundu ya joto, na mwenyewe hataki asogezwe."

Nikasikia sauti nyingine nyuma yake. Bwana Mkude alikuwa ameshahamia ofisini kulinda sharti lake. "Mtoe huyo kuku! Mchinje, nitalipa!"

Bibi Mbeleje akaninyang'anya simu. "Wewe unayesema mchinje, una jina?"

"Mimi ndiye mwenye kampuni."

"Na mimi ndiye mwenye nyumba. Shikamoo hujaisema."

Bwana Mkude akashusha sauti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuku hatoki." Akanirudishia simu.

Zaituni hakubishana na kuku. Hapo ndipo nilipomvulia kofia yule binti. Akasema, fungua ya akiba, iweke upande wa pili wa chumba, mbali na yeye. Unganisha zote mbili kwenye swichi ya mtandao, kile kisanduku cha kugawia waya. Mimi nikabana waya, yeye kutoka Ipagala akanakili mipangilio ya mashine ya zamani akaimimina kwenye mpya, kisha akauhamisha mzigo. Laini ilikatika kwa muda wa mtu kupiga chafya. Mashine ya kuku ikabaki haina kazi, feni yake ikashusha sauti. Nikaenda kuizima.

"Unazima nini?" Bibi Mbeleje akauliza.

"Hii haina kazi tena, mama."

"Ina kazi. Mayai yameshazoea joto lake."

Nikamweleza Zaituni. Akacheka mpaka akakohoa. "Iache inawaka. Tena vizuri. Nitazifundisha ziangaliane. Inayofanya kazi itakuwa inaita kila mara, nipo, nipo. Ikinyamaza, nyingine inasimama mahali pake."

"Kama wake wenza?"

"Wake wenza wanaopendana."

"Hao sijapata kuwaona," nikasema. Akaziunganisha hivyo hivyo.

Nikabaki Mlali kulinda. Siku ya mwisho ya uandikishaji, mchana, gari la Bwana Mkude likasimama nje. Alikuwa amechoka kusikia habari za kuku kwa simu, kaja kuziona, na kwapani ana kitabu cha picha za lile sanduku lake, karatasi zinang'aa. Mlango wa tembe ni mfupi. Aligonga kichwa, akaingia na hasira tayari. Sikioni ana simu, anaongea na msajili wa chuo, na ile simu ilikuwa ya intaneti, inapita kwenye laini yetu hiyo hiyo. Alifanya makusudi, ili ikianguka aisikie kwa sikio lake.

"Endelea, Bwana Msajili, nakusikia," akasema huko. Kisha kwangu, kwa sauti ya chini, "Hii ya kuku ndiyo ya akiba?"

"Ndiyo, bosi."

"Na inawaka ya nini? Inakula umeme bure." Akanyoosha mkono kwenye kitufe.

Mwiko wa Bibi Mbeleje ukamtua kwenye vidole. "Hicho hakiguswi."

Bwana Mkude akamtazama bibi, akanitazama mimi, akatazama ile mashine nyingine iliyokaa peke yake bila mlinzi. Mfanyabiashara ana hesabu zake: kinacholindwa ndicho chenye mali. Nikamwona usoni anafikia uamuzi kwamba tumemdanganya, kwamba mtambo wenyewe bado uko chini ya kuku, na hii safi tumeiweka kwa maonyesho.

"Basi tuizime hii," akasema.

"Bosi, hiyo ndiyo..."

Ameshabonyeza. Akashikilia kitufe mpaka taa ikafa na feni ikanyamaza.

Mimi, wanangu, niliona redio. Niliziona zimepangwa mezani, zimefunguliwa matumbo, zinaningoja. Kwenye simu ya Bwana Mkude msajili alikuwa katikati ya sentensi, na sentensi ikakatika. Bwana Mkude akafungua mdomo, nadhani alikuwa anataka kufurahi.

Kisha feni ya mashine ya kuku ikapandisha sauti.

"...wamebaki wachache tu kwenye foleni, bwana," msajili akaendelea. "Halo? Unanisikia? Ilikwama kidogo."

"Nakusikia," Bwana Mkude akasema polepole. Akaitazama mashine aliyoizima. Imekufa kabisa. Akaniuliza, "Sasa inapita wapi?"

"Chini ya kuku."

Kuku akanyoosha shingo, akatutazama mmoja mmoja, akajikalisha vizuri zaidi. Chini yake chuo kizima kilikuwa kinapita.

Bwana Mkude akamuaga msajili, akaweka simu mfukoni. Kisha akagusa kile kitabu kwapani, akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Na hili langu. Mtu akilizima hivi?"

"Linazimika, bosi."

"Yaani..."

"Yaani linazimika. Ni moja. Na kwa bei yake, hutanunua la pili."

Angeendelea kufikiri, lakini Bibi Mbeleje alikuwa amepitisha mkono chini ya kuku wake, akautoa haraka kama aliyegusa sufuria.

"Washa hicho ulichozima, wewe mwenye kampuni! Chenzake kinafanya kazi ya wawili, mayai yangu yanaiva!"

Bwana Mkude akapiga magoti na suruali yake ya suti kwenye sakafu ya ndama, akapapasa kitufe kwa vidole vyote, akawasha. Kisha akajikokota mpaka kwenye kikapu, akafungua kile kitabu katikati, kwenye picha kubwa kuliko zote, na akaanza kumpepea kuku.